Kibao cha Zamu Mlangoni

Ijumaa, 4 Oktoba

Rosi ameniambia niandike. Anasema kila akiniuliza siku yangu ilikuwaje namjibu "hakuna jipya", na yeye kitandani hana cha kufikiria ila dari na habari zangu. Basi naandika. Mkono wangu umezoea nyundo na misumari ya paa, kalamu hauijui, kwa hiyo atanivumilia.

Habari zenyewe ni hizi. Leo wamemlaza hospitalini, upande wa magharibi wa Stuttgart. Uvimbe uko tumboni. Wanataka kuupunguza kwanza kwa dawa na mionzi, kisha ndipo wakate, na daktari anasema kukata hakutakuwa kabla ya Desemba. Kutoka kijijini kwetu, kule juu kwenye uwanda wa Alb, hadi hapa ni basi, treni, treni nyingine, halafu tramu. Nikienda na kurudi kila siku nitatangulia kaburini. Lazima nitafute pa kukaa mjini.

Alipovua pete ili wamchome sindano alinishika mkono.

"Eugen, kitu kimoja tu nakuomba. Siku ya kukatwa wasinipitishe mlango ule wa upasuaji kabla hujafika. Na nikifungua macho nisione dari. Nikuone wewe."

"Nitakuwepo."

"Sema tena."

"Nitakuwepo, Rosi."

Jumapili, 6 Oktoba

Mji mzima umejaa. Ni sherehe za bia kule Cannstatt, na kila kitanda kina mlevi aliyevaa kaptura ya ngozi. Nimelala hoteli ya karibu na kituo kikuu, ukuta mmoja na watu walioimba hadi sauti zikawakauka. Hospitali ina nyumba ya wageni kwa ajili ya jamaa wa wagonjwa, ipo hapo hapo uani. Sista Dilek, anayeshughulikia familia, aliniangalia kwa huruma.

"Vyumba ni vichache, Bwana Stotz, na vyote vina watu. Nitakukumbuka kikipatikana."

"Kitapatikana lini?"

"Mtu akipona. Au asipopona. Sipendi kuomba kipatikane haraka."

Yuko sahihi.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata mahali, na nimefanya ujinga.

Nilinunua ramani ya karatasi, nikakaa kwenye benchi pale kituoni katikati ya vumbi la ujenzi wao usiokwisha, nikaweka kidole kwenye hospitali. Nyumba niliyoiona gazetini ilikuwa upande wa kusini, upana wa kidole gumba tu kutoka kwa Rosi. Hoteli ndogo iliyo kwenye njia ya tramu ilikuwa mbali kiganja kizima. Hesabu ya mtoto hiyo. Kwetu juu ni tambarare, ukiuona mnara wa kanisa unaufuata, unafika. Nikaenda nikasaini hadi mwisho wa Januari.

Mwenye nyumba ni Bi Zaiser, mjane mwenye nywele zilizofungwa kwa nguvu hadi nyusi zimepanda. Amenipa ghorofa ya juu kabisa: chumba, jiko dogo na bafu. "Sheria za nyumba yangu ni chache," akasema, kisha akaanza kuzitaja, na kahawa ikapoa kabla hajazimaliza.

Jioni nikatoka kwenda hospitalini kwa miguu, napiga mluzi. Nilipokunja kona nikakuta ngazi. Ngazi za mawe, zinapanda kati ya nyumba na mashamba ya zabibu, zikaishia kwenye ngazi nyingine. Kati ya nyumba yangu na hospitali kuna mlima mzima. Ramani ni bapa, na mimi nikawa bapa kichwani. Nilifika kwa Rosi nikihema, goti langu la kulia limevimba.

"Ulipima kwa kidole?" akaniuliza.

"Kidole gumba."

"Katika mji ambao kila mtu anajua umekaa ndani ya sufuria!" Akacheka hadi akashika tumbo. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Agosti, basi ujinga wangu umepata kazi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimejifunza tramu. Inateremka hadi katikati ya mji, unabadilisha chini ya ardhi, ya pili inakupandisha upande wa pili, halafu basi kidogo. Unazunguka mlima wote ili ufike nyuma ya mlima. Wanaojua wanapanda ngazi. Wenye magoti wanazunguka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Rosi ametapika. Hakuna jipya.

Jumatatu, 21 Oktoba

Jirani wa chini anaitwa Bulach. Ni mzee kuliko mimi, alikuwa mwalimu wa hesabu, na kila nikipita mlango wake hufunguka kidogo kama kidirisha cha ndege wa saa ya ukutani.

"Wewe ndiye mtu wa juu?"

"Ghorofa ya juu, ndiyo."

"Nasema Alb juu. Nasikia kwenye lafudhi yako. Viatu vyako vina udongo."

"Ni udongo wa Stuttgart huu."

"Basi ufute, urudi ulikotoka," akasema, akafunga. Sijui alimaanisha udongo au mimi.

Jumatano, 30 Oktoba

Nywele zake zimeanza kubaki kwenye mto. Amenipa mkasi nizikate zote, nikazikata vibaya, upande mmoja mrefu. Amesema nilimwekea paa lenye mteremko. Nilicheka naye, kisha kwenye tramu nikalia nikiwa nimegeukia kioo. Hakuna aliyeniangalia. Watu wa mji huu wana adabu hiyo.

Jumapili, 3 Novemba

Nimekuta kibao kimetundikwa kwenye kitasa changu. Ni ubao mdogo wenye kamba, umeandikwa kwa rangi kwamba wiki hii zamu ya kufagia ni ya mlango huu. Ngazi zote, ua, mapipa ya taka, na njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba, hadi Jumamosi jioni, ndipo ukitundike mlango unaofuata. Kijijini pia tunafagia kila Jumamosi, ila hatutundikiani vibao, maana wote wanakuona hata hivyo.

Nichoke kwa mgonjwa, nichoke kwa ngazi, na sasa nichoke kwa ufagio. Lakini sitaki kusikia watu wa mjini wakisema mtu wa Alb ni mchafu.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefagia kabla ya kwenda kwa Rosi. Majani ya mti wa barabarani, sijui hata jina lake, yanaanguka nikiyaangalia. Bulach alisimama mlangoni na kikombe chake.

"Pembe," akasema.

"Pembe gani?"

"Za vidato. Katikati umefagia vizuri. Lakini vumbi haliishi katikati, Stotz. Linaishi pembeni."

"Nitazifikia."

"Marehemu mke wangu alizifikia kwa mswaki."

Nikachukua mswaki wangu wa zamani. Nikazifikia pembe, kwa magoti, nikimtukana kimoyomoyo kwa kila kidato. Nikachelewa kwa Rosi, akauliza kwa nini, nikamwambia. Akasema, "Vizuri. Usituaibishe."

Jumamosi, 9 Novemba

Kibao nimekitundika kwa Bulach. Alikuwa nyuma ya mlango akisubiri, nilimsikia akipumua. Baada yake ni Bi Zaiser, kisha daktari wa meno wa ghorofa ya pili, anayelipa mtu amfagilie, jambo ambalo Bulach hulitaja kwa sauti ya chini kama anayetaja wizi. Kisha mimi tena.

Jumatano, 20 Novemba

Reli inatengenezwa, kuna basi badala ya tramu, na basi linakwenda kila mahali isipokuwa ninapotaka. Nimefika hoi. Rosi alikuwa amelala. Nimekaa nikamtazama akilala, nikarudi. Ndiyo siku nzima.

Jumatatu, 25 Novemba

Uvimbe umepungua. Watakata Jumanne, tarehe kumi Desemba. Rosi aliniuliza kwa macho, nikamwambia nitakuwepo. Nimeanza kuamini kwamba tutarudi nyumbani pamoja, na naogopa kuliandika hilo.

Jumapili, 1 Desemba

Kibao.

Jumanne, 3 Desemba

Sista Dilek alinikamata koridoni, uso umemng'aa.

"Bwana Stotz! Chumba kimepatikana. Nyumba ya wageni, chini kabisa, hakuna hata kidato kimoja. Unatoka kitandani, unavuka ua, uko kwa mkeo, Bi Roswitha. Leta vitu vyako leo."

Moyo uliruka. Goti pia. Kisha nikakumbuka.

"Jumapili," nikasema.

"Jumapili nini?"

"Nitahamia Jumapili. Wiki hii nina zamu ya kufagia."

Aliniangalia muda mrefu. Wazazi wake walitoka Uturuki lakini yeye amezaliwa hapa mjini, Heslach, anajua kibao ni nini. "Bwana Stotz, acha ufagio, waambie mkeo ni mgonjwa. Hata huyo mama mwenye nyumba ana moyo."

"Moyo anao. Ila wiki nimeianza. Siwezi kuiacha katikati, niwaachie wengine uchafu wangu."

"Siwezi kukushikia chumba hadi Jumapili. Kuna familia inatoka Ulm."

"Wape basi. Watakata Jumanne ijayo. Huenda kingine kitapatikana kabla."

Akatikisa kichwa. "Mama yangu ana jina kwa watu kama wewe."

"Jina gani?"

"Halitafsiriki," akasema, akaondoka.

Nikafagia ngazi jioni, pembe na vyote. Nilijiona mtu mwema. Naliandika hilo kwa sababu ndivyo nilivyojiona.

Alhamisi, 5 Desemba

Wameisogeza siku ya kukata. Ni kesho asubuhi. Damu yake imekaa vizuri sasa na daktari hataki kungoja, na kuna nafasi kwenye chumba cha upasuaji. Nilikimbia kwa Dilek kuulizia chumba, naye akafungua tu mikono. Familia ya Ulm imeshaingia.

"Nilale hapa kwenye kiti," nikamwambia.

"Hairuhusiwi wodini. Ungeweza kulala pale mapokezi, lakini mlinzi atakutoa."

Rosi alikuwa mtulivu kuliko mimi. "Nenda ukalale, mzee. Ila kesho uwahi. Wananitoa mapema."

"Nitakuwa hapa kabla hujaamka."

"Tramu ya kwanza."

"Ya kwanza."

Ijumaa, 6 Desemba

Niandike yote.

Niliamka gizani na kulikuwa na kimya ambacho fundi wa paa anakijua kabla hajafungua dirisha. Theluji, tena nyingi. Mwenye kibao ndiye anayeisafisha njia kabla watu hawajaanza kwenda kazini, na bibi akiteleza mbele ya nyumba ni yeye anayejibu. Jana jioni nilikuwa nimemwambia Bi Zaiser habari za Rosi, nikajipangia: niamke mapema zaidi, nisukume theluji haraka haraka, nipande tramu ya kwanza. Nilivaa, nikashuka na viatu mkononi nisiwaamshe watu. Mlangoni palikuwa na machenza na karanga, zawadi za sikukuu ya leo ya Mtakatifu Nikolasi, nikazipita.

Nikafungua mlango wa nje. Njia ilikuwa imeshasafishwa.

Imesafishwa hadi kwenye jiwe, kingo zimenyooka, changarawe imetawanywa vizuri. Koleo la Bulach limeegemea ukuta, bado linadondosha maji.

Mtu mwenye akili angemshukuru Mungu akaenda zake. Mimi niliona aibu, na aibu kwangu haikai muda mrefu, inageuka hasira. Niliona ni pembe tena. Niliona mzee yule ameamka makusudi anionyeshe kwamba mtu wa juu hawezi kuaminiwa hata na koleo, wiki yake mwenyewe, kibao mlangoni mwake. Nikabonyeza kengele yake. Nikabonyeza tena.

Alifungua akiwa na pajama, koti juu, theluji bado iko kwenye nyusi.

"Nani kakwambia ufagie wiki yangu?"

"Hakuna."

"Mimi ni mgonjwa? Mimi ni daktari wa meno, nifagiliwe?"

"Stotz..."

"Ungeningoja! Nilikuwa nashuka! Sasa mtaa mzima watasema nini, kwamba nililala?"

"Stotz, nyamaza kidogo."

"Sinyamazi! Tangu Oktoba unanichungulia! Udongo, pembe, mswaki! Nimekukosea nini mimi?"

Bi Zaiser alitokea juu kwenye ngazi akiwa na neti ya nywele. Bulach alisubiri nimalize, ndivyo nafikiri alivyokuwa akisubiri wanafunzi, kisha akasema taratibu:

"Mkeo anakatwa leo. Bi Zaiser kaniambia jana. Nilifagia ili ukishuka uende moja kwa moja. Sasa mbona umesimama hapa unanipigia kelele?"

Nikasikia tramu kule chini, mwisho wa barabara. Ile kengele yake ndogo, milango, kisha magurudumu. Ilikuwa inaondoka.

Nilikimbia. Nilikimbia kwenye njia yake safi na sikuteleza. Tramu iliyofuata ilichelewa, theluji imeziba reli mahali fulani, tukakaa tukaangaliana. Nilipobadilisha na kufika ng'ambo, basi la kumalizia mlima lilikuwa limesimamishwa. Basi nikapanda ngazi za upande wa pili, ambazo hakuna aliyezifagia, nikajivuta kwa chuma cha pembeni, goti likinitoa machozi. Nilikuwa nikisema jina lake kwa sauti. Mwanamke mmoja mwenye mbwa alinipisha njia.

Dilek alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Sikumuuliza.

"Wamempeleka," akasema. "Sasa hivi tu."

"Sasa hivi tu?"

"Aliwaomba wangoje. Wakangoja, Bwana Stotz, walingoja kweli. Kisha daktari wa usingizi akasema haiwezekani tena."

"Alisema nini?"

Dilek aliangalia viatu vyake. "Alisema ukishaahidi hujawahi kuchelewa."

Kitanda kilikuwa kimeondoka naye. Palibaki meza, miwani yake, na mto mdogo niliomletea kutoka nyumbani. Niliukumbatia huo mto hadi mchana. Daktari alikuja akasema uvimbe wameutoa wote, lakini alitoka damu nyingi, watamwacha alale kwa dawa siku kadhaa. Nikamwona kupitia kioo, na mirija. Hakufungua macho. Hakuniona mimi wala dari.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimefagia. Jioni nikampelekea Bulach kibao, mkononi, sikukitundika. Nikamwomba radhi. Alinikaribisha ndani, akapasha supu yenye vifuko vya unga na nyama, akaniwekea viwili, kisha akaniwekea na vyake.

"Kwa nini ulifanya vile?" nikamuuliza.

"Mimi asubuhi sina pa kwenda, Stotz. Wewe unapo."

Tukala. Kisha akasema pembe za wiki hii zilikuwa nzuri. Nimemwelewa mtu huyu vibaya kwa miezi miwili, na nilikuwa napita mlangoni pake kila siku.

Jumatatu, 9 Desemba

Bado amelala.

Jumatano, 11 Desemba

Ameamka alfajiri, nikiwa kwenye tramu. Wa kwanza kumwona alikuwa mtu wa kubadilisha dripu.

Nilipoingia aliniangalia bila kutabasamu. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Nilikuwa nakutafuta mlangoni."

Nikamweleza yote. Chumba, Dilek, kibao, theluji, Bulach. Sikupunguza kitu. Akasikiliza macho yamefumbwa.

"Kwa hiyo njia ilikuwa imesafishwa."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unagombana kwa sababu kazi imefanyika."

"Ndiyo, Rosi."

Akageukia dirisha. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Nimekaa hapo hadi giza, kiti kimekuwa kigumu, na nimejichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu mwingine yeyote.

Jumanne, 17 Desemba

Kidonda hakifungi vizuri. Joto limepanda. Tramu, chini, juu, basi. Tramu, chini, juu, basi. Anaongea nami mambo ya chakula na hali ya hewa, kwa adabu, kama mtu aliyekaa karibu nami kwenye treni.

Jumanne, 24 Desemba

Saladi ya viazi na soseji kwa Bulach. Aliweka sahani ya tatu, ya marehemu mkewe, na hatukuizungumzia. Alinifungia soseji moja nimpelekee Rosi, ambaye hawezi kula soseji. Alipoiona alisema, "Huyo ndiye mwenye pembe?" Nikamwambia ndiye. Aliinusa, akaiweka karibu na mto. Usiku huu nafikiri nitalala kidogo.

Jumapili, 29 Desemba

Kibao kimerudi. Daktari wa meno amekitundika mwenyewe, pengine mtu wake yuko likizo. Nimekitazama, sijakigusa.

Jumanne, 31 Desemba

Fataki zimeanza mchana. Watamkata tena Ijumaa, safari hii ni kidogo, kukisafisha kidonda na kukifunga. Daktari anasema ni kidogo. Rosi hakuniomba chochote. Hilo ndilo limeniuma, kwamba hakuomba.

Nimefagia karatasi za fataki. Pembe sikuzifikia.

Alhamisi, 2 Januari

Simu, asubuhi, ufagio uko mkononi. Sista Dilek.

"Bwana Stotz, chumba kiko wazi. Kile kile cha chini. Heri ya mwaka mpya. Nijibu sasa hivi, au una kibao?"

"Ninacho."

"Basi?"

"Nakuja na sanduku."

Akasema, "Nitakiandikia jina lako kabla hujabadili mawazo."

Niliweka nguo sandukuni bila kuzikunja. Vidato vya ghorofa yangu nilikuwa nimevifagia hadi nusu. Nikaegemeza ufagio ukutani, hapo hapo kwenye nusu, nikafunga mlango. Kibao kikayumba kwenye kitasa, kikatulia.

Chini mlango ulifunguka kidogo.

"Sanduku," akasema Bulach.

"Naenda hospitali. Wamenipa chumba."

"Leo Alhamisi."

"Najua."

"Na kibao?"

"Kipo mlangoni kwangu."

"Wiki hujaimaliza."

"Sijaimaliza."

Alilitazama sanduku, akatazama ngazi juu, akawaza. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Pembe zako hata hivyo hazikuwa kitu," akasema. Kisha akatoka na slipa zake, akashika upande mmoja wa sanduku, tukalipeleka pamoja hadi kituoni. Tramu ilipokuja aliizuia milango kwa mguu wake hadi nikakaa, kosa lililomfanya dereva amfokee kwa kipaza sauti.

Ijumaa, 3 Januari

Nimetoka kitandani, nimevuka ua. Hakukuwa na kidato. Alikuwa macho, gizani.

"Umekujaje saa hii?"

"Nimelala hapo chini. Uani."

Walipokuja na kitanda nilitembea kando yake hadi kwenye mlango ule, na kwenye mlango ule nikamshika mkono hadi mtu wa kule ndani aliponiambia basi, imetosha, mzee. Ndipo nikauachia.

Nikasubiri. Walipomrudisha nikavuta kiti hadi usoni kwake, nikainama ili kati yake na dari niwepo mimi. Mgongo uliniuma. Nikakaa hivyo.

Alifungua macho. Aliyahangaisha kidogo, kisha yakasimama kwangu.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Akafumba, nikadhani amelala tena. Kisha, bila kufungua macho:

"Eugen. Wiki hii si zamu yako?"

"Ni yangu."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo."

"Sasa nani anafagia?"

"Sijui, Rosi."

Nikaona mdomo ukimtetemeka, nikaogopa, nikataka kumwita mtu. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mkono mmoja umeshika mshono, na mwingine umenishika kola, hakuiachia.

"Sijui," akarudia. "Sijui, anasema."

Jumamosi, 4 Januari

Theluji tena. Sikufagia.